Uzi Ukiisha: Kigurudumu Kitupu, Mchezo na Ufundishaji wa Kitenzi cha Kiswahili

Katika kibanda cha fundi wa cherehani, kiwe cha mjini au cha sokoni kijijini, kuna vitu viwili ambavyo aghalabu hufagiliwa pamoja jioni: vipande vya vitambaa na vigurudumu vilivyomaliza uzi. Vitambaa hupata wa kuvichukua, kwani hutiwa ndani ya mito na matandiko. Vigurudumu huenda jaani. Hata lugha haijakishughulikia kifaa hiki ipasavyo. Uzi ulioviringwa huitwa kidonge cha uzi, lakini kidonge ni uzi wenyewe. Uzi ukiisha, kidonge nacho hakipo, na kile kinachobaki mkononi mwa fundi hakina jina lililotulia. Hapa kitaitwa kigurudumu, jina ambalo halikiuki desturi ya karakana hiyo, maana neno cherehani lenyewe lina asili ya Kiajemi na mzizi wake unahusu gurudumu.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kigurudumu kitupu kinafaa kutumiwa tena kwa sababu ya umbo lake, wala si kwa sababu tu ni taka inayopatikana bure. Kina tundu linalopita katikati toka upande mmoja hadi wa pili. Kina kiuno kilicho sawasawa. Kina kingo mbili zinazozuia chochote kilichozungushwa kiunoni kisichopoke. Atakayeyatazama mambo haya matatu kwa makini atabuni matumizi mengi bila kufunzwa na mtu. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye kwa kawaida husahauliwa vinapotajwa vifaa vya aina hii, anaweza kunufaika kuliko hata mwenzake wa sayansi.

Kitu cha kurudishwa

Kigurudumu kilianza maisha yake kikiwa kitu cha kurudishwa. Katika mji wa Paisley, Uskoti, mwanzoni mwa karne ya 19, vita vya Napoleon vilipofanya hariri iwe adimu, familia ya Clark iligeukia pamba na kutengeneza uzi wa kushonea uliokuwa laini na imara. Hapo awali uzi huo uliuzwa kwa mafungu, na mnunuzi akalazimika kuuviringa mwenyewe. Yapata mwaka wa 1820, James Clark alianza kuuviringa juu ya vigurudumu vya mbao. Mteja alitozwa nusu peni ya ziada kwa ajili ya kigurudumu, na akarudishiwa nusu peni yake alipokileta kikiwa kitupu. Yeyote aliyewahi kuweka amana dukani kwa ajili ya chupa ya soda ataielewa biashara hiyo bila maelezo zaidi.

Amana hiyo haikudumu. Gharama ya kigurudumu ilipomezwa ndani ya bei ya uzi, kigurudumu kikawa mali ya mshonaji, na cha mshonaji kikawa cha mtoto wake. Uchongaji wa mbao uliendelea kwa muda mrefu. Kiwanda cha Stott Park, kilichojengwa mwaka wa 1835 katika eneo la maziwa la kaskazini mwa Uingereza, kilichonga vigurudumu vya viwanda vya nyuzi na nguo hadi kilipofungwa mwaka wa 1971, na sasa ni makumbusho. Plastiki ilikuwa imekwisha kushika nafasi. Mabadiliko hayo si madogo kwa mwenye nia ya kubuni, kwa kuwa mbao hukubali msumari ilhali plastiki hupasuka.

Mtoto, kigurudumu na neno

Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1920, Sigmund Freud anaeleza mchezo wa mtoto mmoja wa mwaka mmoja na nusu, ambaye anafahamika kuwa mjukuu wake. Mtoto huyo alikuwa na kigurudumu cha mbao kilichofungwa kamba. Alikirusha nyuma ya pazia la kitanda chake hadi kikatoweka, akatoa sauti ndefu ya "o-o-o-o" ambayo Freud na mama wa mtoto waliichukulia kuwa ni neno la Kijerumani lenye maana ya "kimekwenda". Kisha aliivuta kamba, na kigurudumu kilipotokea alikipokea kwa furaha akitamka "da", yaani "hiki hapa". Freud aliufasiri mchezo huo kuwa njia ya mtoto ya kuyatawala maumivu ya kuachwa na mama yake alipotoka nyumbani.

Ufasiri huo umejadiliwa sana na wahakiki, na si lazima ukubaliwe wote. Kinachovutia zaidi kwa mwanafunzi wa lugha ni jambo ambalo Freud analitaja kama kwa kupita: mtoto hakukikokota kigurudumu nyuma yake sakafuni kana kwamba ni gari, kama ambavyo mtu mzima angetarajia. Alikipa kazi nyingine kabisa, kazi ya kuonekana na kutoonekana, na kazi hiyo ikadai maneno mawili. Mtoto wa Kiswahili katika hali hiyo angesema "Hakipo!" kisha "Hiki hapa!", na ndani ya matamko hayo mawili angekuwa amekwisha kuigusa ngeli ya KI-VI, kionyeshi, na ukanushi. Mchezo huo haukuhitaji zaidi ya kiuno cha kufungia kamba na kingo za kuizuia isitoke.

Gari litambaalo

Matumizi mengine ya kigurudumu hutegemea tundu. Maarufu zaidi ni gari dogo linalojiendesha lenyewe, ambalo watoto wa nchi nyingi wamelitengeneza kwa vizazi kadhaa. Utepe wa mpira hupitishwa tunduni. Mahali pasipo na mpira wa dukani, utepe mwembamba uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli hutosha. Upande mmoja mpira huzuiwa na kijiti kifupi, mathalani nusu ya njiti ya kiberiti, ambacho hubanwa ukingoni kwa gundi ili kisizunguke. Upande wa pili mpira hupitishwa katika kipande chembamba cha mshumaa kilichotobolewa katikati, kisha huvishwa kijiti kirefu au penseli. Kijiti kirefu huzungushwa mara nyingi hadi mpira ujisokote, halafu kigurudumu huwekwa chini. Hutambaa polepole, na kikikumbana na daftari lililoinamishwa hujaribu kulipanda.

Maelezo yake ni mepesi. Mpira uliosokotwa umehifadhi nishati na unataka kujisokotoa. Kijiti kirefu kingezunguka, lakini ncha yake imezuiwa na ardhi. Kwa hiyo kinachozunguka ni kigurudumu. Mshumaa hupunguza msuguano baina ya kijiti na ukingo. Bila huo, gari huruka mara moja na kusimama, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wamekosea kusokota. Kingo zikichongwa mapengo madogo madogo, gari hushika ardhi vyema zaidi.

Ikiwa ni cha mbao, kigurudumu hupigwa misumari minne midogo kulizunguka tundu, na uzi wa sufu ukapitishwa na kukingamanishwa juu ya misumari hiyo hadi mkanda wa duara uliofumwa ukatokeza chini ya tundu. Kikining'inizwa kwa waya, huwa kapi ya kuinulia mzigo mdogo. Matumizi haya ya mwisho yamo katika kitabu cha walimu wa sayansi kilichochapishwa na UNESCO mwaka wa 1956, kitabu ambacho chimbuko lake ni kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya shule zilizoharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Shule hizo hazikuwa na maabara, na walimu wake hawakuweza kungoja zijengwe.

Mtaala na mfuko wa mzazi

Swali la vifaa si la kale peke yake. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka wa 2019, ulisisitiza kutenda na kubuni kwa kutumia vitu vinavyopatikana katika mazingira ya mwanafunzi. Punde si punde wazazi wengi wakalalamika kwamba kazi za watoto zimekuwa zao, na kwamba vitu vilivyopaswa kubuniwa vilikuwa vikinunuliwa madukani. Lalamiko hilo lilikuwa na haki. Kifaa kilichonunuliwa hubagua watoto kwa kipimo cha mfuko wa mzazi, na huwanyima wote fursa ya kukosea na kurekebisha. Kwa upande mwingine, vitabu vya kiada vya Kiswahili huendelea kumpa mwanafunzi majedwali ya viambishi ambayo huyakariri bila kuona yanavyofanya kazi. Ni hapa ambapo vigurudumu vya fundi wa cherehani vinaweza kusaidia, mradi tu mwalimu asiwatume wanafunzi kununua uzi ili wapate vigurudumu.

Mashine ya kitenzi

Kitenzi cha Kiswahili hujengwa kwa kuunganisha mofimu katika mfuatano maalumu, na wanasarufi, tangu Ashton (1944) hadi Kapinga (1983) na waliofuata, wamezipanga mofimu hizo kila moja katika nafasi yake. Nafasi hizo zinaweza kupewa vigurudumu. Vinahitajika vigurudumu vinne vyenye ukubwa mmoja na kijiti kilichonyooka kinachopita tunduni bila kubana. Ukanda wa karatasi huzungushwa kiunoni mwa kila kigurudumu, hukatwa panapokutana ncha zake, hukunjuliwa na kugawanywa katika sehemu sita zilizo sawa. Mofimu huandikwa kwanza, ndipo ukanda unapogandishwa mahali pake. Anayegandisha kabla ya kuandika atahangaika kuandika juu ya duara.

Kigurudumu cha kwanza hupewa viambishi vya nafsi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Cha pili hupewa -na-, -li-, -ta-, -me-, -ki- na -nge-. Cha tatu hubeba mizizi, na ni vyema irabu zote ziwakilishwe: -som-, -chek-, -lim-, -fung-, -pang- na -andik-. Cha nne hubeba miishio: -a, -wa, -ia, -ea, -isha, -esha. Vyote huvishwa kijitini kwa mpangilio huo, na ncha za kijiti huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi ili visitoke. Kila kigurudumu kikizungushwa peke yake, mstari mmoja wa kusomeka hujitokeza juu: tu-na-lim-a, wa-li-chek-esha, a-nge-andik-wa. Kingo za vigurudumu, ambazo hugusana na kuacha mwanya baina ya maandishi, hufanya kazi ya kistari kile ambacho mwanaisimu hukitia baina ya mofimu. Hakuna aliyekusudia hivyo alipokichora kigurudumu cha kwanza, lakini ndivyo ilivyo.

Michanganyiko inayowezekana ni 1,296. Je, yote ni vitenzi? Mwanafunzi anayesoma "ninasomia" au "atalimea" hutambua upesi kuwa kuna kasoro, hata kama hawezi kuitaja. Akiendelea kuzungusha atagundua mwenyewe kwamba -som- na -chek- hukubali -ea na -esha, ilhali -lim-, -fung-, -pang- na -andik- hukubali -ia na -isha. Huo ndio upatanifu wa irabu: e na o mzizini hudai e, na irabu nyingine hudai i. Kwa kila mzizi, miishio minne kati ya sita ndiyo inayofaa, na vitenzi vinavyokubalika kimaumbo ni 864. Miongoni mwavyo kuna vile ambavyo sarufi haina neno navyo lakini maana husitasita, kama vile "nitalimwa". Msemaji wa sentensi hiyo lazima awe shamba, au awe mhusika wa hadithi. Mjadala wa mpaka uliopo baina ya sarufi na semantiki unaweza kuanzia papo hapo, na usingeanza kwa urahisi huo mbele ya jedwali.

Manufaa makubwa zaidi hupatikana pale mashine inaposhindwa. Kigurudumu cha nafsi kiondolewe, na mahali pake kiwekwe kingine chenye si-, hu-, ha-, hatu-, ham- na hawa-. Mwanafunzi atatarajia kwamba kubadilisha kigurudumu kimoja kunatosha kukanusha. Atapata "hawatasoma", na atafurahi. Kisha atapata "hawalisoma", "hawamesoma" na "hawanasoma". Njeo ya wakati ujao peke yake ndiyo iliyovumilia. Wakati uliopita hudai -li- iondoke na -ku- iingie: hawakusoma. Hali timilifu hudai -ja- badala ya -me-: hawajasoma. Wakati uliopo ndio mkaidi kuliko yote, kwani -na- hutoweka bila kuacha mrithi, na badiliko hurukia mwisho wa neno ambako -a hugeuka kuwa -i: hawasomi. Kwa upande wa -nge-, "hawangesoma" na "wasingesoma" zote hutumika. Kwa upande wa -ki-, ukanushi hurejea kwenye kiambishi cha kawaida cha nafsi na kuleta -sipo-: wasiposoma.

Kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kukitengenezea kigurudumu cha pili ukanda mpya, na katika ukanda huo sehemu moja ni sharti iachwe wazi. Sehemu hiyo isiyo na maandishi ndiyo mofimu kapa. Ni dhana inayowasumbua hata wanafunzi wa chuo kikuu wanapokutana nayo kwa mara ya kwanza katika mihadhara ya mofolojia, kwa kuwa huambiwa kuna kitu mahali ambapo hawaoni kitu. Juu ya kigurudumu wanaona mahali palipo patupu, wanaweza kupagusa kwa kidole, na wanajua kwamba pakizungushwa pengine popote kitenzi kitaharibika. Wanaona vilevile kwamba kigurudumu cha pili kikifika hapo, cha nne nacho hakina budi kufika kwenye -i. Mofimu mbili zilizotenganishwa na mzizi zinategemeana.

Vitenzi vya silabi moja navyo vina kisa chake. Mizizi -l-, -j- na -nyw- ikitiwa katika kigurudumu cha tatu, matokeo huwa "anala" na "alija", na darasa hucheka. Panahitajika -ku-: anakula, alikula, atakula, amekula, angekula. Lakini -ki- haiitaki, kwa kuwa husemwa "akila". Kigurudumu kimoja kidogo chenye -ku- upande mmoja na mofimu kapa upande wa pili, kikiwekwa kabla ya mzizi, hutatua tatizo na kumwachia mwanafunzi kazi ya kueleza ni lini kizungushwe.

Kwa madarasa ya chini mashine hiyohiyo hubebeshwa silabi. Vigurudumu viwili vyenye silabi tano tano huzaa michanganyiko 25, na mtoto huulizwa ni ipi iliyo maneno.

Mipaka yake isifichwe. Maandishi ya kigurudumu cha uzi wa mkono ni madogo, hivyo mashine moja haitoshi kuonyeshwa mbele ya darasa zima. Wanafunzi 48 wakigawanywa katika makundi ya sita sita huhitaji mashine nane, yaani vigurudumu 32, na fundi mmoja hawezi kuvitoa kwa siku moja. Ni afadhali azungumziwe mwanzoni mwa muhula na aachiwe mfuko wa kuvitilia. Vile vikubwa vya mashine ya ovaloki, ambavyo vina umbo la pia, havifai kwa kazi hii kwa sababu upande mmoja ni mpana kuliko wa pili na karatasi huteremka.

Viambishi vya mtendwa huhitaji kigurudumu cha tano, ambacho nacho sharti kiwe na sehemu iliyo wazi kwa vitenzi visivyovichukua. Ngeli zikiingizwa, kigurudumu cha kwanza hakitoshi kamwe, na hugawanywa kuwa viwili vya kubadilishana. Virejeshi ndivyo vinavyoleta taabu. "Anayesoma" huhitaji kigurudumu baada ya njeo, ilhali "asomaye" huhitaji kigurudumu baada ya kiishio, na darasa likitaka miundo yote miwili kwa wakati mmoja mashine hufika vigurudumu saba. Hapo kijiti huanza kupinda katikati, na ni heri kurejea ubaoni.